Shule Ndogo ya Kiomboi

Ukitoka Singida mjini kuelekea Nzega unapita Iguguno, kisha unafika Misigiri. Hapo ndipo mwenda Kiomboi huachana na barabara kuu. Wanaoendelea mbele huuteremka mlima Sekenke hadi mbuga ya Wembere, na wengi wao hupita wasijue kwamba nyuma yao, juu ya uwanda wa Iramba, palikuwa na shule ya bweni ambayo waliosoma humo waliichukua mioyoni mwao hadi ng'ambo ya bahari. Iliitwa Augustana School. Nyumbani kwetu iliitwa shule ya Wazungu, basi, na hakuna aliyeuliza ipi.

Ilikuwa shule ndogo ya watoto wa wamisionari wa Kilutheri, wengi wao Wamarekani. Lugha ya darasani ilikuwa Kiingereza. Miaka ya 1950 na 1960 ndiyo miaka inayokumbukwa zaidi, wakati watoto walipokuwa wakiletwa Kiomboi kutoka vituo vya misheni vya Iramba na Unyaturu, na wengine kutoka Kaskazini, kwenye miteremko ya Kilimanjaro na Meru. Wadogo kabisa walikuwa wa darasa la kwanza, wale ambao meno ya mbele hayajarudi.

Naiandika kumbukumbu hii nikiwa mtoto wa Iramba ambaye hakusoma pale. Nilisoma bweni katika shule nyingine ya mkoa huu huu, miaka ya baadaye, na bendera ilikuwa imekwisha kubadilika. Lakini mtu aliyepelekwa bweni akiwa mdogo humtambua mwenzake hata wakitenganishwa na rangi, lugha na miaka 30. Tena nimechoka kuona historia ya elimu ya mkoa wetu ikisimuliwa kana kwamba shule ile ilikuwa kisiwa cha watu wengine. Ilikaa juu ya udongo wetu. Upepo wa Julai unaotupasua midomo sisi uliwapasua na wao.

Nianze na jina, maana wengi hulitamka wasijue lilikotoka. Augustana linatokana na jina la Kilatini la Ungamo la Augsburg, andiko la imani ambalo Walutheri waliliwasilisha mbele ya mfalme katika mji huo wa Ujerumani mwaka 1530. Mwaka 1860 wahamiaji wa Kiswidi waliokuwa wamehamia Marekani waliunda kanisa lao na kulipa jina hilo. Walikuwa watu wa mashamba ya Illinois, Minnesota na majimbo ya jirani, watu wa theluji na nyimbo za kanisani. Kilichowafikisha Iramba ni vita. Kazi ya Kilutheri kwetu ilikuwa imeanzishwa na Wajerumani wa misheni ya Leipzig kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Ujerumani iliposhindwa na wamisionari wake wakaondolewa, makanisa yao yalibaki bila walezi, na katika miaka ya 1920 Wamarekani wa Augustana wakaipokea kazi ya Iramba na Unyaturu. Ndipo majina kama Ruruma, Ushora, Kinampanda, Isanzu na Iambi yakaanza kusomwa katika magazeti ya kanisa huko Marekani. Kinampanda walifundishwa walimu, na hadi leo kuna chuo cha ualimu. Kiomboi wakaweka hospitali, ambayo siku hizi ni hospitali ya wilaya.

Sasa fikiria familia moja ya kimisionari katika kituo kimoja, jirani wao wa karibu anayezungumza Kiingereza akiwa umbali wa siku nzima kwa gari wakati wa masika. Baba yuko safarini kwenye mitaa. Mama anahudumia zahanati au anafundisha wanawake. Mtoto anafikisha miaka sita, kisha saba. Atasoma wapi? Wengine walifundishwa mezani na mama zao. Wengine waliachwa Marekani kwa ndugu, na mzazi aliagana na mtoto mdogo akaja kuonana naye akiwa kijana aliyevunja ungo au kubalehe, mtu mgeni. Hilo la pili lilikuwa jeraha ambalo familia nyingi za misheni zilibeba kimya kimya, na naamini bila kulielewa hutaielewa shule ya Kiomboi.

Njia yenyewe ya kuwaleta watoto karibu na wazazi ilikuwa ya hatari. Elmer Danielson, mmisionari wa Augustana aliyefika Tanganyika mwaka 1928, alikuwa huku mwaka 1941 akisimamia kazi iliyoachwa na wamisionari wa Kijerumani waliokamatwa katika vita ya pili. Mkewe, Lillian, alipanda meli ya Kimisri iitwayo Zamzam huko New York pamoja na watoto wao sita ili wamfuate. Ilikuwa imebeba abiria wapatao 200, wamisionari wakiwa wengi wao. Alfajiri ya tarehe 17 Aprili 1941, katika Atlantiki ya kusini, manowari ya Kijerumani Atlantis iliipiga mizinga. Abiria waliingia kwenye mashua za kuokolea, wengine wakajikuta majini. Mama na watoto sita, wote, waliokolewa na Wajerumani wale wale waliowapiga, wakabebwa kwa majuma kadhaa katika meli nyingine, wakashushwa kwenye pwani ya Ufaransa iliyokuwa mikononi mwa Hitler, na hatimaye wakarudi Marekani. Baba alikuwa Tanganyika, na bahari ilikuwa katikati.

Huwa nakitafakari kisa hicho ninaposikia mtu akisema wamisionari waliwatupa watoto wao bweni. Kwa watu waliokuwa wamepitia hayo, shule iliyoko Kiomboi, barabara moja na wazazi, hewa moja, mvua zinazonyesha siku moja, ilikuwa ni kumrudisha mtoto karibu. Haikuondoa machozi. Mtoto wa miaka saba hapimi mambo kwa bahari, hupima kwa mlango wa chumba cha mama. Lakini mzazi aliyepima kwa bahari aliiona Kiomboi kama neema.

Safari ndiyo ilikuwa sehemu ya kwanza ya shule. Kutoka Moshi hadi Kiomboi ni zaidi ya kilomita 400, na barabara ya wakati ule ilikuwa ya vumbi tupu. Unapita Arusha, unateremka Babati, mlima Hanang unakufuata dirishani mchana kutwa, mrefu, wa upweke, zaidi ya mita 3,400, kisha unaingia nchi ya mawe. Aliyewahi kufika Singida akiwa mtoto hasahau mawe yale. Yamepangana kama yamebebwa na mtu aliyetaka kujenga akaghairi. Mwezi wa Novemba mbingu zikikaribia kufunguka, mawe huonekana meusi na anga huwa ya rangi ya samli. Mvua zikishaanza, udongo mweusi wa mbugani hugeuka gundi, na Land Rover hulala hapo pamoja na watu wake. Ziwa Singidani linametameta pembeni mwa mji, na heroe wamesimama kwa mguu mmoja. Baada ya hapo mtoto hujua kwamba saa za kuwa na baba zimebaki chache, na huanza kuangalia barabara kwa macho mengine.

Nayajua macho hayo. Mimi nilipelekwa bweni Januari moja mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mjomba alinisindikiza, juu ya lori la magunia ya mtama, tranka langu la bati likiwa limeandikwa jina kwa rangi nyeupe. Mjomba hakuwa mtu wa maneno. Tulipokaribia alinionyesha mlima kwa kidevu na kusema, "Kumbuka, nyumbani ni upande ule." Usiku wa kwanza nililala juu ya dabodeka nikiwa nimeugeuzia uso upande ule. Walikuwako wavulana 30 katika bweni letu na nilisikia kila mmoja wao akijifanya amelala. Hakuna sauti duniani kama hiyo, ya watoto 30 wanaojizuia. Asubuhi hakuna aliyeizungumzia, na hatukuwahi kuizungumzia, lakini nadhani undugu wetu wote ulianzia hapo.

Kwa hiyo nikisema nayajua mabweni ya Kiomboi sisemi kwamba niliyaona yakiwa na watoto. Nasema najua giza la Iramba linavyoingia ghafla baada ya saa kumi na mbili na nusu, fisi wanavyoanza mbali na kusogea, na mtoto anavyohesabu. Wa bweni wote huhesabu. Anahesabu majuma yaliyobaki, Jumapili zilizobaki, milo iliyobaki. Yule wa Minnesota aliyezaliwa Ruruma na mimi niliyezaliwa kwenye tembe tulihesabu chini ya nyota zile zile.

Barua ndizo zilizokuwa uzi. Hapakuwa na simu ya kumpigia mama ukiumwa na meno. Barua ya mtoto ilichukua siku, wakati mwingine majuma, na ilipofika jino lilikuwa limeshang'olewa na maumivu kusahaulika. Hili lilizaa tabia ambayo nimeiona kwa watu wengi waliosoma bweni zamani: wanapoandika barua huwa hawalalamiki. Wanajua kwamba lalamiko litafika likiwa limechelewa na litamuumiza asomaye bure. Wanaandika kuhusu mvua, kuhusu mbwa, kuhusu nani amefunga goli. Mzazi mwenye akili husoma nafasi zilizo kati ya mistari.

Katika shule kubwa mtoto huweza kujificha, katika ndogo hawezi. Nimeishi katika zote mbili, na kwa moyo wangu wote napendelea ndogo. Kama darasa lina watoto wachache, mwalimu anajua nani hakula. Wakubwa hulazimika kucheza na wadogo, kwa sababu bila wadogo timu haitimii. Dada na kaka hukaa bweni jirani na kuonana kila mlo. Ugomvi hauna pa kukimbilia, unapaswa kumalizwa, maana kesho mtakaa meza moja na keshokutwa pia. Watu wanaozikumbuka shule za namna hiyo hawakumbuki majengo. Wanakumbuka nani alikuwa akikaa wapi. Hata mimi, ukiniuliza sasa hivi, nitakuchorea meza za bwalo letu na majina yote, mpaka yule aliyekuwa akila polepole ili apate ukoko.

Chakula, sabuni na kengele ndivyo wa bweni huzungumza wakikutana, na wasio wa bweni hushangaa kwa nini hawazungumzii masomo. Kengele yetu ilikuwa rimu ya lori iliyoning'inizwa mtini na kupigwa kwa nondo. Iligongwa kwa mchakamchaka wa alfajiri, kwa uji, kwa darasa, kwa prepo ya jioni, kwa kuzima taa. Ile ilikuwa miaka ya dhiki baada ya vita ya Kagera. Sabuni ya mche tuliikata kwa uzi ili vipande vilingane, ikiisha tulifulia majani ya mpapai. Tulikula ugali wa yanga, ule wa mahindi ya njano kutoka Marekani, na nimewahi kuwaza kwamba labda yalilimwa na binamu wa mtoto fulani wa Kiomboi, katika mashamba yale yale ya Waswidi. Maharage yalikuwa na wadudu na tuliyala. Mlenda wa Singida sikuupenda nikiwa nyumbani, lakini bweni nilijifunza kuuheshimu, kwa sababu ugali mgumu bila mlenda ni safari bila maji.

Kinachonivuta zaidi katika habari ya shule ya Kiomboi ni lugha. Darasani Kiingereza, mezani Kiingereza, lakini watoto wale walilelewa nchini humu. Walibebwa na yaya, walicheza na watoto wa wahudumu na wa wainjilisti, na Kiswahili kiliwaingia kabla hawajajua kwamba ni lugha ya kigeni. Mtu akisoma kwa lugha moja na kucheza kwa nyingine, ile ya kuchezea ndiyo hukaa karibu na mfupa. Nimesema hivyo kwa wanangu, ambao wamesoma shule za Kiingereza za mjini na wanadhani Kiswahili ni cha kupumzikia tu.

Wazazi wao nao hawakuwa wote watu wa kuamrisha kwa lugha ya mkalimani. Yuko Howard Olson, mchungaji wa Augustana aliyekuja baada ya vita ya pili na kufanya kazi Unyaturu. Alikisoma Kinyaturu hadi kuandika tasnifu juu ya sauti na maumbo ya maneno yake, mwaka 1964, ambayo wanaisimu wangali wanairejea. Baadaye akawa mwalimu wa chuo cha theolojia Makumira, akaandika kitabu cha Jifunze Kiyunani ili mwanafunzi wa Kitanzania asome Agano Jipya katika lugha yake ya asili bila kupitia Kiingereza. Na nyimbo zenye lahani za Kiafrika alizozikusanya katika Tumshangilie Mungu huimbwa hadi leo, watu wakipiga makofi, wengi wasijue kwamba mkusanyaji alikuwa Mmarekani. Kazi ya namna hiyo haifanywi na mtu anayehesabu siku za kurudi kwao.

Kiomboi haikuwa peke yake nchini, ingawa ilikuwa ya namna yake. Tanganyika ya Waingereza iligawa shule kwa rangi: za Wazungu, za Wahindi, za Waafrika, kila moja na bajeti yake. Katika Jimbo la Kati palikuwa na shule ya watoto wa Kizungu pale Dodoma iliyoendeshwa na Waanglikana. Mwaka 1934 ilihamia Arusha ikawa Arusha School, na mwalimu mkuu wake, William Wynn Jones, mtu aliyetoka Australia, mwaka 1947 akawa askofu wa Central Tanganyika. Kongwa ilikuwa hadithi nyingine kabisa. Waingereza walianza mradi wa karanga mwaka 1947, wakaleta matrekta, reli, hospitali na maelfu ya watu katika nchi ya Wagogo yenye mvua ya kubahatisha. Zilipotea pauni milioni 36 na mwanzoni mwa mwaka 1951 mradi ukafungwa. Ila shule iliyoanzishwa kwa ajili ya watoto wa wafanyakazi haikufa. Iliendelea katika nyumba zilizohamwa, watoto wakilala mahali palipokusudiwa mameneja, mpaka mwisho wa mwaka 1958. Mrithi wake ilikuwa St. Michael's and St. George's ya Iringa, shule ya fahari kweli kweli. Baada ya uhuru ilifungwa kama shule ya Wazungu ikawa Mkwawa, na leo ni Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa.

Hizo zilikuwa shule za serikali na za Waingereza, zenye kriketi na mitihani ya Cambridge. Kiomboi ilikuwa ya kanisa na ya Wamarekani, na wanafunzi wake walipomaliza madarasa yake wengi walivuka mpaka kwenda Kijabe, Kenya, katika Rift Valley Academy, shule iliyoanza mwaka 1906 na ambayo jiwe la msingi la jengo lake mashuhuri liliwekwa na Theodore Roosevelt mwaka 1909. Kutoka ukingo wa Sekenke kwenda ukingo wa Bonde la Ufa upande wa Kenya! Mtoto aliyemaliza njia hiyo alikuwa ameshalala katika vitanda vingi kuliko mtu mzima wa kawaida.

Sitaki kulipita suala la rangi kwa kunyata. Shule ilikuwa ya watoto wa wamisionari, na mtoto wa mwinjilisti aliyetembea kwa miguu na baba zao kuhubiri hakukaa darasani pamoja nao. Alisoma shule ya kijijini, kwenye dawati la udongo, na kama alikuwa na akili na bahati alifika shule ya kati, kisha labda Kinampanda. Utaratibu huo ulikuwa mbaya, nami nausema hivyo bila kusita. Ulifutwa kisheria nchi ilipounganisha mifumo ya shule kuanzia Januari 1962, majuma machache baada ya uhuru, na ni mojawapo ya mambo ya haraka na ya haki ambayo serikali changa iliyafanya. Lakini ubaya wa utaratibu haumfanyi mtoto wa miaka saba kuwa mwenye hatia. Alichokikumbuka akiwa mzee ni mawe, mvua, sauti ya ngoma kijijini usiku wa mavuno ya uwele, na mwanamke aliyempikia. Hiyo ni kumbukumbu ya Iramba, si ya Marekani, na inastahili kuhesabiwa miongoni mwa zetu.

Mabadiliko yalikuja kwa mfululizo. Mwaka 1962 Kanisa la Augustana lenyewe liliungana na makanisa mengine ya Kilutheri huko Marekani na jina likapotea kwenye vibao vyao. Tarehe 19 Juni 1963 makanisa saba ya Kilutheri ya Tanganyika yaliungana kuwa kanisa moja, KKKT kama tunavyoliita sasa, chini ya Stefano Moshi, na uongozi ukawa wa wenyeji. Wamisionari hawakuwa tena wenye nyumba, walikuwa wageni waalikwa. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere aliandika Elimu ya Kujitegemea, na sheria ya elimu ya mwaka 1969 iliziweka shule za mashirika mikononi mwa taifa. Mwaka huo huo wa 1969 ilianzishwa shule ya kimataifa Moshi, wakati hospitali ya KCMC ilipokuwa ikikaribia kufunguliwa, na familia za kigeni za Kaskazini zikapata pa kusomesha watoto bila kuwasafirisha hadi Iramba. Shule ndogo juu ya uwanda ilikuwa imemaliza kazi yake.

Zikaja zamu zetu. Serikali ilitusambaza makusudi: mtoto wa Mtwara akaletwa Singida, wa Singida akapelekwa Tabora au Pugu, kila mmoja na waranti yake ya treni au basi, ili tujue nchi na tuoane, kama walivyosema walimu wetu wakicheka. Bweni langu lilikuwa na Mmakonde, Wahaya wawili, Mzigua, Wabarabaig, na kijana wa Pemba ambaye hakuwahi kuona ng'ombe wengi kiasi kile na aliyetetemeka kwa baridi ya Juni mpaka tukamchangia blanketi. Yeye ndiye niliyemfikiria zaidi niliposoma habari za watoto wa Kiomboi. Alitoka mbali kama wao. Alilia kwa lafudhi tofauti. Kufika kidato cha tatu alikuwa akikatiza mawe kama mbuzi na kuomba mlenda wa pili, na likizo moja alipokosa nauli alikuja kwetu. Bibi alimpokea mlangoni mwa tembe, akampa kigoda na kumuuliza kwao wapi.

Yule kijana aliangalia chini kidogo, akajibu, "Hapa, bibi."

Bibi hakucheka. Alimwongezea maziwa.

Wakitajwa wazee wa Kimarekani ambao bado hutamka jina la Kiomboi kwa namna ya mtu anayetaja kwao, wapo wanaoguna kwamba ni hisia za kikoloni. Mimi humkumbuka rafiki yangu wa Pemba kwenye kigoda kile. Mtoto hachagui mahali pa kwanza pa kuwa peke yake. Pakishakuwa pake, pamekuwa pake, na wenyeji wa mahali hapo ama humwongezea maziwa ama hawamwongezei. Iramba iliwaongezea wengi.

Januari iliyopita nilisimama Misigiri kusubiri gari. Shule zilikuwa zinafunguliwa. Mabasi yalikuwa yamefungwa magodoro juu, ya bluu na ya maua, na matranka bado yapo, siku hizi yana kufuli za rangi. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi na alizeti mashambani zilikuwa zimefika magotini. Mama mmoja alikuwa na binti mwenye sare mpya iliyomzidi mikono. Alifungua fundo la khanga, akatoa noti mbili, akamkunjia kiganjani. Kisha akamgeuza kwa mabega, taratibu, akamwonyesha kwa kidevu upande waliotoka.